Kiti Changu Mbele ya Spika Zako

Mpendwa Baba Zuhura,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kile kiti, pale pale ulipochora alama za rangi sakafuni ili miguu yake isihame. Haijahama. Siku za matanga watu walitoa viti vyote uani, wakatoa meza, wakatoa hata kabati la vyombo ili wapate pa kutandika mikeka, lakini walipokikaribia hiki nikasema kiacheni, na kwa kuwa mfiwa hapingwi hakuna aliyebisha. Dada yako mkubwa alidhani nimerukwa na akili. Kila alipopita na sinia alikizunguka huku akinitupia jicho.

Eda imekwisha. Nimetoka mpaka barabarani nikaikuta Garsen vile vile, na vumbi lake, na ng'ombe wake wanaovuka bila kumwangalia mtu. Nimerudi shuleni. Walimu wenzangu wanasema nimejikaza. Sijajikaza, Baba Zuhura. Moyo umevunjika, na ninautembeza hivyo hivyo. Naufunika kwa buibui asubuhi, naufunua jioni nikifika hapa.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni ule wimbo. Siku ile ya mwisho uliponipigia simu nikiwa Witu kwa Zuhura, uliniambia umepata wimbo na hutanitajia ni upi, nikirudi nitausikia. Nilirudi nikakukuta umefunikwa shuka. Kwa hiyo muda wote wa eda nilikuwa na swali moja ambalo sikuweza kumwambia mtu, maana mjane anayeulizia wimbo wakati wenzake wanasoma Kurani atasemwa mpaka Hola. Ulitaka nisikie nini?

Unakumbuka ulivyovileta hivi vyombo kutoka Mombasa? Ulikuwa ndiyo kwanza umestaafu upimaji wa mashamba, na mimi nilikuwa nimeshapanga moyoni kwamba tutaezeka jiko upya. Gari la mizigo likasimama mlangoni, ukashuka umeikumbatia amplifaya ya mtumba kama mtu aliyebeba mgonjwa, na nyuma yako wapagazi na spika mbili za mbao zinazonifika kiunoni. Nikakuuliza bati za jiko ziko wapi. Ukasema jiko litangoja, kwa sababu ugali hauna masikio. Nilikununia mpaka Ijumaa.

Hukujali kununa kwangu. Ulinieleza kila kimoja kazi yake, nitake nisitake. Amplifaya ndiyo nguvu. Spika ndiyo midomo. Na kile kisanduku cheusi kinachotosha kiganjani, kazi yake ni kuchota muziki kwenye mtandao na kuupa amplifaya. Hakina hata tundu la kuchomeka waya wa mtandao. Bila waifai ya rauta hakina uhai. Nikakwambia mtu mzima anayeongea na kisanduku apelekwe akaombewe. Ukacheka, ukaendelea kuchubua nyaya kwa kisu changu cha vitunguu.

Ulipowasha mara ya kwanza hatukusikia muziki, tulisikia mvumo. Mmmm, haukomi, haupungui, uko nyuma ya kila wimbo. Nilikwambia ni mbu, mbu wa Garsen sasa wamejifunza umeme. Wewe ulikuwa hucheki tena. Ulizima friji, samaki wangu wakayeyuka. Ulizima taa. Ulipanda darini ukashuka mweupe kwa vumbi. Mwisho ukagundua ulikuwa umelaza waya wa muziki sambamba na waya wa stima nyuma ya kabati, zimegusana njia nzima, na mmoja unamwambukiza mwenzake. Ukazitenganisha, mmoja juu mmoja chini, ukachomeka vyombo vyote kwenye plagi moja, na nyumba ikanyamaza. Nakumbuka ulivyosimama katikati ya sebule umenyanyua mikono hutaki hata nipumue.

Baada ya mvumo likaja la besi. Nyimbo zilikuwa zinasikika nyembamba, kama zinatoka kwenye kopo. Siku nzima ulikuwa umelala kifudifudi nyuma ya spika na tochi mdomoni. Kumbe spika moja ulikuwa umeifunga kinyume, waya mwekundu penye mweusi. Ulikuja kunieleza jikoni, mikono imejaa vumbi. Ukasema spika mbili zikifungwa sawa zinasukuma pamoja, lakini moja ikigeuzwa, hii inasukuma ile inavuta, na besi inakufa katikati. Sikuelewa. Ukaniambia, "Ni kama mimi na wewe tulivyobeba lile godoro, wewe unakwenda chumbani, mimi nakwenda uani." Hapo nikaelewa, na nikaelewa pia kwamba hukuwa umesahau la godoro.

Ulitengeneza stendi za bomba la chuma za kusimamishia spika, ukazijaza mchanga wa mtoni ili zisitikisike. Ulikwenda mwenyewe Tana kuuchota, ukauanika juu ya turubai kwenye uwanja wetu, ukauchekecha kwa chekeche langu. Kisha nikarudi shuleni siku moja nikakuta mikeka yangu mizuri imetundikwa ukutani kwa misumari. Ulisema ukuta mtupu unarudisha sauti na kuivuruga. Wageni wakija walikuwa wanaiangalia ile mikeka wananiangalia na mimi, na mimi nasema ni mambo ya mume wangu, nayo ikawa jibu la kila kitu humu ndani.

Halafu ukachukua ile tepu yako ya kupimia mashamba. Ulipima kutoka spika hii mpaka ile, kutoka ile mpaka ukutani, ukapiga mistari ya chaki kama unagawa ploti, ukasema katika chumba hiki pazuri pa kusikilizia ni mahali pamoja tu. Ukisogea kushoto unakosa, ukisogea kulia unakosa. Pazuri ni pa mtu mmoja. Nilikaa nikingoja ulete kiti chako, kwa maana vyombo ni vyako na jasho ni lako. Ukaleta changu. Ukachora alama za rangi kuzunguka miguu yake, na wewe ukajiwekea stuli nyuma yangu, mahali ambapo kwa hesabu yako mwenyewe hapakuwa pazuri.

Hilo sikulisema wakati ule. Nalisema sasa: hakuna mtu aliyewahi kunipenda namna ile, na mwenyewe hukuliona kuwa ni jambo.

Tangu hapo ikawa nikiwa jikoni, au nasahihisha madaftari barazani, nasikia sauti yako kutoka sebuleni: "Ndoo usikie." Mimi, mtoto wa Chewele, ambaye Kiswahili nilikikuta darasani kimeandikwa ubaoni, nikawa nakujibu kutoka huko huko niliko: njoo, Baba Zuhura, ndoo ni ya maji. Na wewe mtu wa Ozi, uliyezaliwa nacho na kunyonya nacho, hukuwahi kukasirika. Ulikuwa unasema, "Na ndoo ya mai nayo ni ndoo. Ndoo." Tumezeeka nalo neno hilo. Zuhura alilisikia akiwa tumboni.

Nikija unanikalisha kwenye kiti. Unasema, "Fumba mato." Nafumba macho. Wimbo unaanza, na wewe umesimama nyuma yangu hata stuli umeisahau, na nasikia unavyopumua. Wimbo unakwenda, unakwenda, kisha naguswa begani na kidole kimoja, taratibu. Hapo. Kidole chako kilikuwa kinafika nusu pumzi kabla ya lile jambo lenyewe: tarumbeta inaingia, au mpigaji besi anashuka pale ambapo mwingine angepanda, au mwimbaji anachelewa kidogo kwa makusudi. Bila kidole chako mimi nisingesikia chochote. Sikuwa na masikio hayo. Nilikuwa nasikia wimbo mzuri na basi. Wewe ndiye uliyekuwa unanifungulia mlango mdogo ndani ya wimbo, kila mara mlango mwingine.

Siku uliyoifunga rauta nilikuwa nimekaa hapa hapa na kalamu yangu nyekundu, nasahihisha insha za darasa la saba. Jina la mtandao uliweka OZI, kwa herufi kubwa, na majirani wote wakaliona kwenye simu zao. Kisha ikakutaka neno la siri. Ukafikiri kidogo, ukaandika, ukacheka peke yako. Ukaniambia, "Mwalimu, hili wewe ungelipiga mstari mwekundu." Sikukuuliza ni lipi. Simu yangu ni kabambe, ya vitufe, haijui waifai ni kitu gani, na nilikuwa na insha za watoto mbele yangu.

Siku hiyo hiyo ulinionyesha jambo jingine. Stima ilipotea, kama kawaida yake, ikarudi, na ulipobonyeza kitufe cha kisanduku wimbo ukaendelea pale pale ulipokatika. Ulifurahi sana. Ukasema huyu hasahau. Hata akizimwa mwaka mzima, ukimwasha atakumbuka foleni yote ya nyimbo na mahali ulipoishia.

Hilo ndilo nililolishikilia wakati wote wa eda.

Nirudie siku yenyewe, maana huko uliko sijui kama mtu anaelezwa. Nilikuwa Witu, Zuhura amejifungua, mtoto wa kiume, hilo ulilijua. Ulipiga simu mchana. Tuliongea habari za mtoto, kisha ukasema, "Kuna wimbo nimeupata. Sikwambii. Ukirudi, ndoo usikie." Nikasema njoo. Ukacheka kile kicheko chako cha puani, ukakata. Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho, mimi kukusahihisha na wewe kucheka. Sijutii. Watu wengine wanaagana kwa machozi, sisi tuliagana kwa utani wetu wa miaka yote.

Jioni Mama Neema, jirani yetu, alikuja kurudisha ungo. Alikukuta umelala kwenye kochi la ukutani, viatu umevivua umevipanga. Akadhani umelala. Daktari alisema ni moyo, na kwamba hukuteseka. Tulikuzika kwenu Ozi, karibu na mamako. Kwenye kisanduku taa ndogo ilikuwa bado inawaka; wimbo ulikuwa umesimamishwa. Mtu mmoja katika shughuli ya kupanga mikeka akachomoa plagi, na mimi nikamwacha, nikisema moyoni huyu hasahau.

Humu ndani hapakusikika muziki mpaka eda ikaisha. Hilo lilikuwa sawa, ndivyo inavyotakiwa, na wala sikuwa na hamu. Lakini mvua kubwa zilipokuja radi ilipiga, stima ikaenda ikarudi kwa nguvu, na rauta ikatoa harufu ya kuungua. Amplifaya na kisanduku zilipona kwa sababu zilikuwa zimechomolewa. Ile simu yako mpwa wako aliichukua ili tupate picha zako, na kwa kuwa tulikuwa hatujui namba ya kuifungua akaipeleka kwa fundi. Fundi aliifungua kwa kuifuta. Ikarudi tupu, inang'aa, haina picha hata moja.

Wiki niliyorudi shuleni baada ya eda nilimwita Habiba. Unamkumbuka, yule binti wa Kiorma niliyemfundisha. Sasa ni mama wa watoto na ndiye anayewawekea watu mtandao Garsen nzima. Alikuja na rauta mpya kwenye mkoba. Akaifunga, akawasha vyombo, amplifaya ikapata joto lake, lakini taa ya kisanduku ikawa nyekundu, inapepesa. Habiba akachuchumaa mbele yake akaiangalia kwa muda.

"Mwalimu, hii vitu yote iko sawa," akasema. "Inatafuta tu ile rauta ya zamani. Hii mpya haijui."

Nikamsahihisha: vitu hivi vyote viko sawa. Akasema ndiyo hivyo, Mwalimu.

Alinieleza kwamba kuna njia mbili. Ya kwanza ni kushikilia kitufe cha nyuma mpaka kisanduku kijifute, kiwe kama kimetoka dukani, ndipo kiunganishwe upya. Ni kazi ndogo. Nikamuuliza kikijifuta, kitakumbuka wimbo uliokuwa unapigwa mwisho? Akasema hapana, kitasahau vyote. Nikamwambia aondoe mkono hapo. Nadhani nilisema kwa ukali, maana aliondoa haraka.

"Basi tunaidanganya," akasema. "Hii mpya tunaipa jina ya ile imekufa, na paswadi ya ile imekufa. Kisanduku itaona ni ile ile, itaingia yenyewe."

Nikauliza, ikikosewa herufi moja? Akasema itakaa nje.

Jina tulikuwa nalo, OZI, kila mtu analijua. Neno la siri hakuna aliyekuwa nalo. Nikampigia Zuhura. Akasema simu yake uliyomwingizia neno hilo ameshaibadilisha, lakini aliwahi kukuuliza neno lenyewe, ukamjibu kwamba ni maneno ambayo mamake ameyasikia kuliko mtu yeyote duniani. Baba Zuhura, nilikaa kwenye kiti hiki nikajaribu kukumbuka kila ulichowahi kuniambia. Tukajaribu jina la Zuhura. Tukajaribu jina langu, na jina lile ulilokuwa unaniita tukiwa wachumba, ambalo ilibidi nimtajie Habiba herufi moja moja nikiangalia ukutani. Tukajaribu Chewele. Tukajaribu Mama Zuhura, kwa nafasi na bila nafasi. Kila mara Habiba anaandika kwenye simu yake, rauta inazima inawaka, tunangoja, na ile taa inapepesa nyekundu.

Kisha nikajua. Nilijua kabisa, mpaka nikasimama. Maneno niliyoyasikia kuliko mtu yeyote duniani. Nikamtajia Habiba, bila nafasi: njoousikie. Akaandika. Rauta ikazima, ikawaka. Nilikuwa nimeshika ukingo wa amplifaya. Taa ikapepesa, ikapepesa, ikabaki nyekundu.

Hapo ndipo nilipolia. Sikulia hivyo mbele ya watu siku ya mazishi. Nililia kwa sababu kama si hilo basi sikujua tena, na kama sikujua hilo basi nilikuwa najua nini kukuhusu? Habiba alikwenda jikoni akawa anaosha vikombe visafi. Aliporudi akaniambia kwa upole kwamba pengine niache tu akifute, muziki utakuwepo, nyimbo zote ziko huko mtandaoni, hakuna iliyopotea. Ni kweli. Nyimbo zote ziko. Ni ile moja tu nisiyojua ni ipi.

Nilikuwa nataka kumwambia sawa, futa. Nikajifuta uso kwa kanga, na nilipokuwa najifuta macho yangu yakaangukia mezani kwenye rundo la insha, na kalamu yangu juu yake.

Mstari mwekundu.

"Habiba," nikamwambia, "andika ndoo."

"Ndoo ya maji?"

"Ndoo. Ndoousikie."

Akaniangalia, akaandika. Mimi Mwalimu wa Kiswahili nilikuwa nimekusahihisha hata ndani ya neno lako la siri, na kisanduku chako, ambacho hakisahau, kilikuwa kinakungoja wewe useme kama unavyosema. Rauta ikazima, ikawaka. Taa ikapepesa nyekundu. Ikasita. Ikawa buluu, na ikatulia.

Habiba alikusanya vitu vyake. Mlangoni akaniuliza kama nataka paswadi nyingine, maana hii ni rahisi mtu kuibahatisha. Nikamwambia hakuna mtu wa kuibahatisha, na hata akiipata aingie tu, amekaribishwa.

Nikafunga mlango. Nikakaa hapa. Nikabonyeza.

Sauti ilianza katikati ya neno, kwa sababu hapo ndipo ulipoikatiza ili unipigie simu. Niliuacha wimbo uishe, kisha nikabonyeza kitufe cha kurudi nyuma ili uanze upya. Ni mwanamke mmoja na gita moja, na nyuma yao ngoma ndogo inayopigwa kwa vidole. Anaimba kwa lugha nisiyoijua, wala wewe hukuijua. Spika hazikuvuma. Besi iko mahali pake. Mwanamke alikuwa amesimama hasa katikati, kati ya spika mbili, mbele yangu, kama ulivyopima. Ni wimbo mzuri, Baba Zuhura.

Lakini sijui ni wapi.

Nimeusikiliza kila jioni tangu siku hiyo. Labda ni pale ngoma inaponyamaza na gita linabaki peke yake. Labda ni pale yule mwanamke anapovuta pumzi, na unaisikia ile pumzi kabla ya neno. Kuna mahali karibu na mwisho kama anatabasamu, sauti inapanuka kidogo, na nikasema ni hapo. Siku iliyofuata nikaona si hapo. Nilidhani kwamba nikiupata wimbo nitakuwa nimekupata na wewe kidogo. Nimepata wimbo. Kumbe hukuwa unanipa wimbo, ulikuwa unanipa kidole begani, na hicho hakimo kwenye kisanduku.

Wiki hii mtoto mmoja aliyehamia darasani kwangu kutoka Kipini, karibu na kwenu, aliandika kwenye insha yake: mama akaniita akaniambia ndoo ule. Nikainua kalamu. Ilikaa hewani mpaka mtoto mwenyewe akaja kuangalia kuna nini. Nilijua ni wajibu wangu, mtihani wa taifa hautamhurumia. Nilimweleza kwa mdomo jinsi linavyoandikwa kwenye vitabu, akaitikia. Neno lake sikuligusa. Nikampa alama zote.

Zuhura anataka nihamie Witu. Anasema nyumba hii itanimaliza, mikeka ukutani, spika zimesimama kama watu. Nimemwambia nitafikiria, nawe unajua nikisema hivyo maana yake ni nini. Mjukuu wako akija namlaza hapo kwenye mkeka na kumwekea muziki kwa sauti ndogo, naye anageuza kichwa kutafuta anayeimba yuko wapi. Ana masikio yako. Nitamwambia habari zako kwa maneno yako, siyo ya vitabuni.

Mungu akuweke mahali pasipo na mvumo, penye nafasi ya watu wawili mbele ya spika. Mimi hapa sina la ziada. Jua linazama, Mama Neema anafukiza udi wa kufukuza mbu, mlango wa uani nimeuacha wazi kidogo kama ulivyokuwa unapenda. Nimekaa katikati ya alama zako. Nimebonyeza, na yule mwanamke ameanza.

Nimefumba mato. Ndoo.

Mkeo,
Mama Zuhura